Nani Anatoboa Maembe Yako? Kumjua Nzi kwa Picha

Fikiri kwamba umekaa na wanao baada ya chakula cha mchana. Umechukua embe dodo lililoiva. Kwa nje ni zuri, na harufu yake ni tamu. Unalipasua kwa kisu. Ndani nyama imekuwa uji, na funza weupe wanajinyonganyonga. Mmoja anajikunja, kisha anaruka kutoka kwenye sahani. Watoto wanacheka. Wewe hucheki, kwa sababu chini ya mwembe wako yamelala maembe mengine mengi kama hilo, na mnunuzi amesema atakuja Jumamosi.

Wako watu wanaosema kwamba embe likiiva mno huzaa funza lenyewe. Si kweli. Kila funza ametoka kwenye yai, na kila yai limetagwa na nzi. Nzi jike alikuja mchana, akatua juu ya embe, akatoboa ganda kwa mrija wake mwembamba, akaingiza mayai, akaenda zake. Tundu aliloacha ni dogo kama tundu la sindano. Labda hukumwona. Au ulimwona, ukadhani ni nyigu.

Katika somo hili tutajifunza kumtambua nzi huyo kwa kutazama picha. Picha inaweza kuwa ya karatasi, kama zile anazobandika Bwana Shamba ukutani. Inaweza kuwa picha ya simu, aliyoipiga kijana wako shambani. Kusoma picha ya mdudu ni kazi kama kusoma maneno. Lazima ujue jicho lianzie wapi.

Picha hukuza

Siku moja nilitundika darasani picha ya nzi wa matunda. Ilikuwa picha kubwa, upana wake kama sinia. Bibi mmoja aliyekaa mbele aliitazama kwa makini, kisha akasema:

"Mwalimu, nzi huyo kwetu hayupo. Wa kwetu ni wadogo. Huyu angechukua vifaranga."

Wenzake walicheka, lakini bibi hakukosea. Aliyekosea ni mimi. Nilionyesha picha bila kusema nzi mwenyewe ana ukubwa gani.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, uliza ukubwa. Tafuta kitu kingine ndani ya picha ambacho unakijua. Kijiti cha kiberiti kinafaa sana. Kijiti cha kawaida kina urefu wa sentimita 4 hivi, yaani milimita 40. Nzi tunayemtafuta ana urefu wa milimita 8 hivi. Ukimlaza kando ya kijiti, atafika sehemu moja ya tano tu. Yaani analingana na punje ndefu ya mchele. Kama picha haina kitu cha kulinganisha, muulize aliyeipiga. Picha peke yake haitakuambia.

Hesabu mbawa

Nzi huyu ana rangi ya manjano na nyeusi, na kiuno chake kimebana kidogo. Ndiyo sababu wengi humwita nyigu mdogo. Mimi pia niliwahi kufanya kosa hilo.

Nyigu ana mbawa nne. Nzi ana mbawa mbili tu. Karibu nzi wote duniani wako hivyo, wale wa jikoni na hata mbung'o. Lakini katika picha mbawa za nyuma za nyigu mara nyingi hujificha chini ya zile za mbele. Usipoweza kuhesabu mbawa, tazama kichwa. Nyigu ana vipapasio virefu vinavyoonekana wazi. Nzi wa matunda ana vipapasio vifupi sana, na macho yake makubwa yamejaza karibu kichwa chote.

Usimuue nyigu kwa kumdhania. Nyigu wengi huwinda wadudu wanaoharibu mazao yetu.

Wageni wa msibani

Ukienda chini ya mwembe wakati wa maembe, utaona nzi wa kila namna. Nzi wa nyumbani atakuwepo, na rangi yake ya kijivu unaijua. Watakuwepo pia vile vinzi vidogo sana vyenye macho mekundu, vinavyozunguka ndizi mbivu na mtungi wa pombe. Hivyo vina urefu wa milimita 2 au 3. Mara nyingi wakulima hupiga picha za vinzi hivyo na kusema, "Hawa ndio wanaonimaliza."

Siyo hao. Wao hufuata tunda lililokwisha pasuka au kuanza kuoza. Ni kama watu waliofika msibani. Wapo, lakini siyo waliomuua marehemu.

Nzi wanaotoboa embe zima ni wengine. Tuwatazame wawili, kwa sababu hao wawili ndio wanaochanganywa sana.

Nzi mwenyeji

Wa kwanza ni nzi wa embe wa Afrika. Alikuwapo katika misitu yetu tangu zamani, akila matunda ya porini kama ya mng'ongo. Miembe ililetwa Afrika kutoka Asia, na nzi huyu akaipenda. Ni mdogo kuliko yule tutakayemtaja baadaye, na mwili wake una rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia.

Tazama mbawa zake. Zina mistari mipana ya manjano na madoadoa, zimejaa kama kitenge. Ukiona picha ya nzi mdogo mwenye mbawa za kitenge, jua kwamba huyo ni wa jamii ya wenyeji.

Mgeni wa mwaka 2003

Nzi wa pili ni mgeni. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakitega nzi katika pwani ya Kenya walikuta mtegoni nzi ambaye hawakumjua. Hakuwa na mbawa za kitenge. Mwaka huohuo alionekana pia Tanzania. Katika miaka michache alikuwa ameenea katika nchi nyingi za Afrika, kwa sababu matunda husafiri ndani ya mabasi na malori, na funza husafiri ndani ya matunda.

Wataalamu walitazama miili ya nzi hao kwa darubini. Walifanana sana na nzi wa Asia, lakini si kwa kila kitu. Mwaka 2005 walimpa jina jipya la kitaalamu, lenye maana ya mvamizi. Kisha uchunguzi uliendelea. Walilinganisha maumbo, wakatazama kama wanazaana na wale wa Asia, wakapima hata vinasaba vyao. Mwaka 2015 walikubaliana kwamba ni nzi yuleyule wa Asia, na jina lake ni Bactrocera dorsalis. Huna haja ya kulikariri jina hilo. Sisi tutamwita nzi mvamizi. Lakini kumbuka kwamba wataalamu wenye darubini walihitaji miaka 10 ili waafikiane. Basi usione haya ukitazama picha ya simu mara tatu kabla ya kusema neno.

Nzi huyu amewatia hasara wakulima wengi. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe katika soko la nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu mizigo ilikuwa ikikutwa na funza. Wakaguzi wakipata funza, mzigo mzima hukataliwa. Maembe ya Kenya yalianza tena kwenda huko mwaka 2021. Hiyo ni miaka 7. Na mkulima wa kijijini ambaye hajawahi kuuza Ulaya naye hupata hasara yake, maana mnunuzi wa sokoni akipasua embe moja likawa na funza hushusha bei ya gunia zima.

Soma 11, kisha soma T

Sasa chukua picha yako. Jicho lianzie mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa.

Hapo nzi mvamizi ana mistari miwili ya manjano, mmoja kulia na mmoja kushoto. Imesimama sambamba kama tarakimu 11. Rangi iliyo katikati ya mistari hiyo inaweza kuwa nyeusi. Inaweza pia kuwa ya kahawia, au mchanganyiko. Kwa hiyo rangi ya mgongo isikudanganye. Soma 11.

Kisha nenda kwenye mbawa. Katikati ni wazi kama kioo, unaona karatasi iliyo chini. Ukingo wa mbele tu ndio wenye mstari mwembamba wa rangi nyeusi au kahawia, kama kanga iliyobaki na pindo la upande mmoja. Hakuna maua mjini, hakuna madoa.

Mwisho tazama tumbo. Lina rangi ya chungwa iliyoelekea kahawia, na juu yake kuna alama nyeusi. Mstari mmoja unakatiza, mwingine unashuka katikati. Hiyo ni herufi T. Uliijifunza darasani, na nzi huyu ameibeba mwilini.

Lakini T peke yake haitoshi. Yuko nzi wa maboga, matango na matikiti, ambaye naye ana alama inayofanana na T. Huyo ukimtazama mgongoni utakuta mistari mitatu ya manjano, yaani 111, kwa sababu ana mmoja wa katikati. Tena mbawa zake zina doa kwenye ncha. Na yuko mwingine aliyeonekana kwa mara ya kwanza Afrika katika mkoa wa Morogoro mwaka 2006, anayeshambulia ngogwe na jamaa zake. Huyo ana 11 sawasawa na mvamizi, lakini tumboni hana T, na pindo la ubawa wake linanenepa kwenye ncha likawa kama doa. Ukitazama picha haraka utawaita wote watatu jina moja.

Kwa hiyo ukiletewa picha inayoonyesha tumbo tu, usikubali kutoa jina. Omba picha ya mgongo na ya mbawa pia.

Kupiga picha inayosomeka

Picha nyingi wanazoletewa mabwana shamba hazisomeki. Nzi yuko mbali juu ya jani, au amepondwa kwa kandambili, na mgongo hauonekani tena. Nzi aliyepondwa ni kama barua iliyolowa maji.

Mtafute nzi aliyekufa mtegoni bila kupondwa. Au mkamate mzima, mtie ndani ya chupa safi na kufunika, mpaka afe. Mlaze juu ya karatasi nyeupe. Weka kijiti cha kiberiti kando yake. Kwa ncha ya mwiba, fungua mbawa taratibu zisifunike tumbo. Kaa kivulini penye mwanga mwingi, siyo kwenye jua kali, maana jua hung'aa juu ya mbawa na kuficha pindo.

Sasa piga picha kutoka juu. Wengi husogeza simu mpaka inakaribia kumgusa nzi, na picha inatoka kama ukungu. Rudisha simu nyuma kidogo, upana wa kiganja, kisha ikuze picha baada ya kuipiga. Piga nyingine kutoka ubavuni. Piga ya tatu ya embe lenyewe lililotobolewa. Andika kwenye karatasi tarehe, jina la kijiji, na aina ya tunda, karatasi hiyo nayo iwe ndani ya picha. Usimtupe nzi. Mtunze kwenye kiberiti kitupu, kwa sababu Bwana Shamba anaweza kutaka kumwona mwenyewe.

Picha ya funza haitoshi

Watu wengi hupiga picha za funza, kwa sababu funza ndio wanaoonekana. Lakini funza wa nzi mvamizi na funza wa nzi mwenyeji ni weupe wote, hawana miguu, na wamechongoka upande wa kichwa. Kwa macho na kwa picha ya simu huwezi kuwatenganisha. Tena kuna maembe yanayoharibika bila nzi yeyote. Madoa meusi yanayotapakaa juu ya ganda mara nyingi ni ugonjwa wa ukungu. Mdudu anayekutwa ndani ya kokwa ni fukusi wa embe, na hadithi yake ni nyingine.

Kama una funza lakini huna nzi, wafuge mpaka wawe nzi. Ni rahisi. Weka mchanga mkavu kidogo ndani ya ndoo, kina cha vidole viwili. Juu yake weka maembe mawili au matatu yenye funza. Funika kwa kitambaa chepesi na ufunge kwa kamba. Weka ndoo kivulini, mahali ambapo siafu hawafiki. Funza wakikomaa watatoka kwenye tunda na kujificha mchangani. Huko kila mmoja atageuka kuwa kidude kigumu cha kahawia kama punje, na baadaye nzi atatoka. Mahali penye joto la nyuzi 28, safari yote kutoka yai mpaka nzi huchukua siku 25 hivi.

Nzi wakitoka, usipige picha siku hiyohiyo. Nzi mchanga amepauka, na alama zake hazijakolea. Wengine wamekosea hapo, wakasema hana T. Ndani ya ndoo weka pamba iliyolowa maji ya sukari, ungoje siku tatu au nne. Ndipo upige picha. Kisha waue wote, mchanga nao umwage ndani ya maji yanayochemka. Usije ukawa mfugaji wa adui yako.

Jina lina fedha ndani yake

Utauliza, kuna haja gani ya kujua ni nzi yupi, kama wote wanaharibu maembe?

Haja iko katika mtego. Madukani huuzwa dawa za harufu zinazovutia nzi madume. Kila harufu ina nzi wake. Ile iitwayo methili yujenoli humvuta mvamizi kwa nguvu sana, lakini mwenyeji wa embe haji, na nzi wa maboga haji. Mkulima mwenye nzi wa maboga akinunua harufu ya mvamizi, mtego utabaki mtupu. Atasema, "Shamba langu ni safi." Wakati huohuo matango yake yanaoza, na fedha yake imekwenda. Ukitumia dawa hizo usiziguse kwa mikono mitupu, na watoto wasizifikie.

Tena mtego wa harufu huleta madume, na anayetoboa embe ni jike. Mtego husaidia kujua nzi wameanza kufika lini, na ukiwa mingi hupunguza madume wa kuzaa nao. Lakini usiutegemee peke yake. Wengine hupuliza sumu mwembe mzima. Sumu hiyo haimfikii funza aliye ndani ya tunda, ila huua nyuki, nyigu, na wale chungu wekundu wanaoitwa majimoto. Majimoto wanauma, na sipendi kuwapanda mtini, lakini nzi hawapendi kutaga mahali wanapopita chungu hao. Waache wakae.

Kazi kubwa iko chini ya mti. Embe lililoanguka na funza ndani yake ni ndoo ile tuliyoisema, ila haina kitambaa. Funza wanaingia ardhini, na baada ya siku chache nzi wapya wanapanda juu. Okota maembe yote yaliyoanguka, mara mbili kwa juma au zaidi. Yazike kwenye shimo la kina cha nusu mita au zaidi na kushindilia udongo. Au yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki usiotoboka, ufunge, na uuache juani mpaka funza wafe. Kuyatupa nyuma ya nyumba au kwenye mfereji hakufai. Kazi hii ni ya majirani wote, maana nzi hajui mpaka wa shamba. Na yakiisha maembe, mvamizi huhamia kwenye mapera, na huko pwani kwenye matunda ya mkungu. Yaokoteni na hayo.

Kazi ya darasa

Kila mwanafunzi alete embe moja lililoanguka. Pasueni maembe yote, mhesabu yenye funza na yasiyo na funza, na mwandike hesabu hiyo ubaoni. Chagueni matatu yenye funza zaidi, myatie ndoo kama tulivyoeleza, na mwandike tarehe juu ya ndoo. Nzi wakitoka na kukolea rangi, mmoja wenu apige picha. Kila mtu aitazame peke yake bila kusema neno, na aandike kwenye daftari lake mambo manne: urefu wa nzi kwa kijiti cha kiberiti, hesabu ya mistari ya manjano mgongoni, namna mbawa zilivyo, na kama kuna T au hakuna. Kisha linganisheni madaftari. Penye kutofautiana, rudini kwenye picha.